Bwana C. T. Studd, Mcheza Kriketi Aliyezikwa Ibambi

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za Bwana Krapf na Bwana Livingstone, lakini ni wachache wazijuao habari za Bwana Charles Thomas Studd, ambaye kaburi lake liko Ibambi katika nchi ya Kongo. Kwa hiyo twaona vema kuwapasha habari zake, na kwanza habari za mchezo uliomfanya ajulikane na Waingereza wote kabla hajawa mjumbe wa Injili.

Alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake alikuwa amepata mali nyingi katika mashamba ya Bara Hindi, na aliporudi kwao alipenda sana farasi wa mashindano. Baadaye mzee huyo alimsikia mhubiri Moody wa Marekani, moyo wake ukageuka, akaacha farasi zake, akafa baada ya miaka miwili. Wanawe watatu, Kynaston na George na Charles, nao waliamini wangali vijana wa shule. Lakini imani ya Charles ilipoa upesi, maana moyo wake wote ulikuwa katika kriketi.

Huku Busi mchezo huo hauchezwi. Watoto wetu wanajua mpira wa miguu tu. Basi na tueleze kidogo. Watu 11 hushindana na watu 11. Mpigaji husimama na gongo bapa la mti mbele ya vijiti vitatu, na mrushaji humtupia mpira mgumu kutoka upande wa pili, yadi 22. Akiupiga mpira mbali, hubadilishana mahali kwa mbio na mwenzake aliye upande wa pili, na kila mkimbio huhesabiwa. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji hutoka. Wakiisha kutoka 10, yule wa 11 hubaki peke yake, na zamu yao imekwisha.

Tarehe 28 na 29 Agosti 1882 Waingereza walikutana na Waaustralia katika uwanja wa Oval, London. Waaustralia walipata mikimbio 63, Waingereza 101. Kisha Waaustralia 122. Kwa hiyo Waingereza walitakiwa kupata 85 tu, na kila mtu alidhani ni kazi ndogo. Mpigaji wao mkuu alikuwa W. G. Grace, naye alikuwa amemtoa Mwaustralia mmoja kwa hila, kijana huyo alipoacha mahali pake akidhani mpira umekwisha kutulia. Sheria haikuvunjwa, lakini Spofforth, mrushaji wa Australia, aliwaka hasira, akatupa mipira kama mtu anayelipa kisasi. Waingereza walikuwa wamefika 51 na wawili tu wametoka; baadaye wakaanza kuanguka mmoja mmoja.

Studd alikuwa na miaka 21. Mwaka huohuo alikuwa amepiga zaidi ya mikimbio 100 mara mbili mbele ya Waaustralia haohao. Lakini nahodha Hornby alimweka nyuma, hata akaingia wa 10. Akasimama upande wa pili na gongo lake mkononi, asipate kutupiwa mpira hata mmoja. Mtu wa mwisho, jina lake Peate, hakumngojea. Alitaka kupiga kwa nguvu mwenyewe, vijiti vyake vikaanguka. Waingereza walikuwa na 77, wakashindwa kwa mikimbio 7. Gazeti moja likatoa tangazo la mzaha kana kwamba kriketi ya Uingereza imekufa, na kwamba maiti itachomwa na majivu yake yatachukuliwa Australia. Mwaka huohuo Studd na nduguye George walisafiri Australia pamoja na nahodha Ivo Bligh, wakashinda michezo miwili katika mitatu, na Bligh akapewa chombo kidogo cha majivu ambacho kimetunzwa London katika uwanja wa Lord's.

Hata nduguye George akaugua karibu kufa. Charles alipokaa kando ya kitanda chake, aliona sifa zile zote hazina msaada wowote hapo. Mwezi wa Februari 1885 alikwenda China na wenzake sita. Alipotimiza miaka 25 alipata urithi wa baba yake, kama pauni 29,000, akaugawa: kwa Moody, kwa yatima wa Bwana Müller, kwa maskini. Alipomwoa Priscilla Stewart mwaka 1888 alimpa mchumba wake kilichosalia, naye akataka kitolewe hicho nacho.

Akarudi Uingereza mwaka 1894 akiwa mgonjwa, akatumika Bara Hindi toka 1900 hata 1906, na mwaka 1913, mwili umechoka na umri miaka 52, alipita Kenya na Uganda mpaka Kongo pamoja na kijana Alfred Buxton. Walikaa Niangara, kisha Nala, na mwisho Ibambi. Watu walimwita Bwana Mukubwa. Alilala katika nyumba ya majani, akafanya kazi usiku na mchana, akatafsiri Agano Jipya katika Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo.

Hatuwezi kuficha mambo mengine. Alikuwa mkali mno kwa wenzake. Aliandika kijitabu chenye maneno yaliyowachukiza hata rafiki zake, akafarakana na Buxton aliyekuwa mkwewe, na kamati ya Uingereza ikagombana naye. Morfini aliyoitumia kwa maumivu yake ilileta maneno vilevile. Naye alipoona Wakristo wake wakianguka dhambini, aliwahimiza utakatifu kwa namna ambayo sisi tuliofundishwa Katekisimo ya Luther twaiogopa kidogo, kwa maana dhamiri dhaifu huweza kutazama matendo yake badala ya msalaba. Waalimu wa dini watakaosoma habari zake na waangalie jambo hili. Hata hivyo, sisi tunaonung'unika kwa mshahara mdogo na njia ndefu za vumbi hatuna haki ya kumhukumu upesi.

Tangu mwaka 1916 hakurudi kwao tena. Mkewe, aliyebaki Uingereza kuitunza kazi yao huko, alimtembelea Kongo mara moja, mwaka 1928, wakaonana muda wa majuma mawili tu. Mwaka uliofuata mama huyo alifariki katika nchi ya Hispania. Bwana Studd mwenyewe alifariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931, umri wake miaka 70, na Wakristo wa Kongo wakamzika huko.