Landsteiner na Sukari Iliyomo Damuni

Atokaye kusomea kazi ya maabara hapa Tudor, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au kwingineko, hawezi kuepuka somo la kupima makundi ya damu. Ni jaribio jepesi: tone la damu, tone la dawa, kisha kutazama kama chembe zitashikamana. Wengi hulijua jaribio, wachache humjua mwenyewe. Mimi fani yangu ni isimu, si tiba. Lakini maadamu neno damu katika lugha yetu limebebeshwa maana ya ukoo, nasaba na hata kabila, naona mtu huyu anatuhusu sote.

Karl Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 katika mji wa Baden, karibu na Vienna, Austria. Baba yake, aliyekuwa mhariri wa magazeti, alifariki mwana akiwa na umri wa miaka sita. Akalelewa na mamake, Fanny. Mapenzi baina ya wawili hao yalikuwa makubwa mno, hata mama alipofariki, mwanawe alihifadhi kinyago cha uso wake na kukitundika ukutani hadi mwisho wa maisha yake. Alihitimu udaktari mwaka 1891, lakini badala ya kushughulikia wagonjwa akaenda kusoma kemia kwa mabingwa wa zama hizo. Mmoja wao alikuwa Emil Fischer, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kazi iliyohusu, pamoja na mambo mengine, sukari.

Wakati huo kumtia mgonjwa damu ya mwingine kulikuwa kama kucheza kamari. Huyu alipona, yule alikufa. Landsteiner alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake kazini, akatenga chembe nyekundu na maji ya damu, kisha akachanganya za huyu na ya yule. Mara chembe zilishikamana zikafanya mabonge, mara zikatulia. Mwaka 1901 akatangaza makundi matatu: A, B na C, ambalo baadaye liliitwa O. La nne, AB, liliongezwa mwaka 1902 na Decastello na Sturli.

Jina hilo la O lina kasoro. Wapo walisomao kama sifuri, yaani damu isiyo na kitu. Kumbe ina kitu, nacho ni sukari. Sisemi sukari ya chai, wala ile inayopimwa kwa mwenye kisukari. Juu ya kila chembe nyekundu imesimama minyororo mifupi ya sukari za namna mbalimbali. Mojawapo ni fukosi, ambayo jina lake limetokana na jina la mwani. Kimeng'enya maalumu huipachika penye ncha ya mnyororo, na kundi O huishia hapo. Kundi A huongeza sukari moja mbele yake, kundi B huongeza nyingine, na AB huwa na zote mbili. Mwanafunzi wa sarufi hatashangaa: mzizi ni ule ule, soma na some hutofautiana kwa kiishio tu, na maana ikabadilika.

Fukosi ikikosekana, viishio hivyo havina pa kushika. Mwaka 1952 Dk. Bhende na wenzake walieleza habari za watu watatu wa namna hiyo huko Bombay, mji ambao Mombasa ina udugu nao wa siku nyingi. Mtu kama huyo hawezi kupewa hata damu ya kundi O, ambayo tumezoea kudhani humfaa kila mtu. Uthibitisho kwamba makundi haya ni sukari ulikamilishwa London na Walter Morgan na Winifred Watkins katika miaka ya 1950, Landsteiner akiwa ameshafariki.

Sukari hizo zina kazi katika maradhi pia. Chembe zenye vimelea vya malaria kali hujikusanyia chembe nzima na kuziba mishipa midogo ya damu, na sukari za A na B huwasaidia vimelea hao. Kwa hiyo mtoto wa kundi O ana nafuu fulani, jambo ambalo watafiti wameliona hata kwa watoto wa Kilifi. Lakini kipindupindu kikimpata mtu wa kundi O huelekea kumlemea zaidi. Basi damu bora ni ipi?

Swali hilo lilikuwa zito katika maisha yake. Alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, akaingia Ukatoliki mwaka 1890. Baada ya Vita vya Kwanza, Vienna ikiwa katika dhiki, alihamia The Hague mwaka 1919, kisha New York mwaka 1923. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1930. Miaka mitano baadaye Ujerumani ikatunga sheria iliyodai kulinda damu ya Kijerumani, ilhali makundi aliyoyagundua yeye yamo katika mataifa yote.

Tusiwacheke Wajerumani hao peke yao. Nimewasikia watu wazima, tena waliosoma, wakiuliza kabila la mchangiaji kabla ya kukubali damu. Hali baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kupata watoto wa makundi yote manne, ikiwa kila mmoja amerithi O iliyojificha. Na ndugu wa tumbo moja wakashindwa kupeana damu ambayo mgeni wa mbali angeitoa bila madhara.

Mwaka 1940, pamoja na Alexander Wiener, alitangaza alama nyingine ya damu, ile ya Rh. Hakupumzika. Mwezi Juni 1943 moyo ulimshinda akiwa maabarani, mrija wa kioo mkononi, akafariki siku mbili baadaye, tarehe 26. Toleo jipya la kitabu chake lilichapishwa mwaka 1945.