Dkt. Burkitt: mpasuaji aliyeweka kisu chini

Ukitoka Mombasa kwenda Nakuru, unapanda hadi zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Kule kuna baridi, na mbu wa malaria ni wachache kuliko huku kwetu. Tofauti ya namna hiyo, baina ya nyanda za chini na za juu, ndiyo iliyomfumbua macho daktari Denis Burkitt kuhusu maradhi yaliyokuwa yakiua watoto.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipoteza jicho moja akiwa na miaka 11, lakini akasomea upasuaji. Mwaka 1946 alianza kazi Uganda.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baada ya wiki chache akamwona mwengine Jinja, vile vile. Akapekua majalada, akakuta watoto wengi wa namna hiyo wana uvimbe tumboni pia. Ilikuwa saratani moja.

Kisu hakikufaa. Taya iliyokatwa huweza kujengwa upya kwa mfupa wa nyonga au wa mguu, lakini mfupa wa kupandikiza hauzuii saratani iliyokwisha kuenea mwilini.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kilomita zipatazo 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Jawabu likajitokeza kwenye ramani. Karibu na ikweta, maradhi yalikaa nyanda za chini zenye joto na mvua. Kupita mita 1,500, kama kule Nakuru, yalikuwa nadra. Pwani yetu imo ndani ya ukanda wake. Baadaye yalihusishwa na malaria pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda.

Burkitt akageukia dawa za saratani. Uvimbe wa baadhi ya watoto uliyeyuka kwa siku chache tu, na wako waliopona kabisa, taya zao zikiwa zile zile walizozaliwa nazo. Alifariki Uingereza mwaka 1993.

Maradhi hayo bado yapo, na hukua kwa kasi. Mzazi, meno ya mwanao yakilegea kabla ya wakati wake na shavu likavimba, usimalizie kwa kung'oa jino wala dawa ya kupaka. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, naye apimwe. Dawa ikiwahi, taya husalimika.