Krapf: Mgeni Aliyeokota Maneno Mombasa

Mtumishi wa serikali anayehamishiwa Lodwar kutoka huko chini hujifunza neno moja siku ya kwanza: ejoka. Ndiyo salamu. Akiisha kuitikiwa ejok noi hufurahi, na jioni huwaeleza wenzake kwamba Kiturkana si kigumu. Baada ya juma moja atakuwa amelijua neno ng'akipi, maana maji katika joto lile hayasahauliki. Mwaka ukipita utamkuta yuko pale pale, na ejoka yake na ng'akipi yake, akingoja uhamisho. Si kwamba hana akili. Tatizo ni kwamba hakuna siku aliyoongeza neno la tatu.

Msomaji akimtazama mtumishi huyo, kisha akamkumbuka Johann Ludwig Krapf, ataona ajabu. Watoto wetu humsoma Krapf shuleni kama Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani. Jambo hilo lilimchukua siku moja. Kazi yake ya maneno ilimchukua maisha.

Alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji kilicho karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Shuleni alikutana na Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, na hapana shaka huko ndiko alikozoea kukaa na orodha ya maneno bila kuchoka. Chama cha misheni cha Church Missionary Society cha Uingereza kilimpeleka Uhabeshi mwaka 1837. Huko alijifunza Kiamhari na lugha ya Waoromo, mpaka alipozuiwa kurudi Shoa. Ndipo akageukia pwani yetu.

Januari 1844 alifika Unguja pamoja na mkewe, Rosina. Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwaka huo huo wakahamia Mombasa. Kiarabu alikuwa nacho kidogo, nacho kikawa daraja lake. Lakini lugha ya mjini, ile ya sokoni na ya kina mama visimani, hakuwa nayo.

Mwezi Juni alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hebu tufikiri. Mtu ana miezi michache tu pwani, naye anashika kitabu kizima! Wengi wetu tungesema kwanza nijue lugha, kisha nitafsiri. Yeye aliifanya kazi yenyewe kuwa mwalimu: kila mstari ulimlazimisha kuuliza neno, na kila neno lilikuwa na mtu wa kuulizwa. Aliyeulizwa zaidi alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Kadhi Mwislamu akimsaidia padre Mkristo kuiandika Biblia! Vitabu vyetu vya historia humpitia Sheikh Ali haraka mno. Mimi naona nusu ya sifa ni yake.

Julai ilileta msiba. Rosina alijifungua mtoto wa kike katikati ya homa, naye akafariki. Mtoto akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza. Yeye alirudi kwenye karatasi zake, na sura za mwanzo za tafsiri ile zikachapishwa Marekani mwaka 1847.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Huyu naye alikuwa wa namna yake. Pale Rabai, katika miaka ya 1850, alikutana na mtumwa aitwaye Salimini, mtu wa kutoka nchi ya ziwa Nyasa. Rebmann hakuwahi kulifikia ziwa hilo. Alikaa na Salimini, akauliza na kuandika, hata ikapatikana kamusi nzima ya lugha ya watu ambao hakukanyaga kwao. Krapf ndiye aliyeihariri, ikachapishwa mwaka 1877. Rebmann alikwisha kufa mwaka uliotangulia, baada ya kupofuka.

Kwa dini, mavuno ya wawili hao yalikuwa haba. Waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Mavuno ya maneno ni mengine. Mwaka 1850 Krapf alitoa sarufi ya Kiswahili, na mwaka huo huo msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba na Kipokomo zikiwamo. Hata tenzi alizithamini: nakala ya Utenzi wa Tambuka aliipeleka Ujerumani mwaka 1854. Na ukiifungua kamusi yake kubwa ya Kiswahili utaona mara moja ilivyojengwa. Neno halikai peke yake. Limefuatana na sentensi kama watu walivyoisema, na pengine maelezo ya desturi, chakula au chombo cha baharini. Kamusi ya namna hiyo haiandikwi kwa mkupuo. Ni vijipande vya siku nyingi, leo neno la nahodha, kesho la mkulima.

Afya ilimrudisha Ulaya mwaka 1853, akaja tena kwa muda mfupi mwaka 1862. Miaka iliyobaki aliishi Korntal, mbali na bahari, akiendelea kupanga maneno ya Mombasa. Alifariki Novemba 1881. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, naye hakuishika mkononi.

Kiswahili alichokikusanya kilikuwa hasa cha Kimvita, ambamo macho ni mato na nchi ni nti. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifuata Kiunguja. Kwa hiyo mtoto wa Lodwar, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya kujifunza, huandika macho. Na kule Kakuma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, Mkongo aliyekuja na Kiswahili chake na Msudani asiyekuwa nacho kabisa hufundishwa vivyo hivyo. Lakini wote huandika kwa herufi za Kirumi, zile ambazo Krapf alizitumia na Sheikh Ali Mombasa, wakati Waswahili wenyewe waliandika kwa za Kiarabu.