Aranda: Kabaila aliyeonja dawa yake mwenyewe

Miongoni mwa makabaila walioitawala Hispania katika karne ya 18, Pedro Pablo Abarca de Bolea, mwinyi wa Aranda, ni mgumu kuhukumiwa. Wapo wanaomwita mwanga wa taifa lake. Wapo wanaomwona dhalimu. Nadhani pande zote mbili zina haki.

Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1719 huko Siétamo, katika nchi ya Aragon. Angeweza kuishi kwa jasho la wakulima wake, lakini aliingia jeshini, akajeruhiwa vitani Italia mwaka wa 1743, kisha akawa balozi nchini Ureno na baadaye Poland.

Jina lake lilivuma mwaka wa 1766. Mwezi Machi watu wa Madrid waliasi kwa kuwa mkate ulikuwa ghali, na waziri Esquilache, Mwitaliano, alikuwa amepiga marufuku majoho marefu na kofia pana. (Tumbo likiwa tupu, hata kofia huzua vita.) Mfalme Carlos III alikimbilia Aranjuez, akamkabidhi Aranda uongozi wa Baraza la Castilla. Naye, huku askari wakiwa tayari, aliutuliza mji kwa ushawishi zaidi ya risasi.

Ndipo ikaja kazi iliyomtia doa. Lawama za ghasia zile walitwishwa Wajesuiti, mapadre waliokuwa walimu wa vijana wengi wa Hispania. Aranda alisambaza kwa siri barua zilizotiwa lakiri, na mapema mwezi Aprili 1767, kabla ya jua kuchomoza, askari wakazizingira nyumba zao. Maelfu yao, wazee na wagonjwa wakiwemo, walipakiwa merikebuni wakafukuzwa nchini. Hawakusomewa mashtaka wala kupewa nafasi ya kujitetea. Wanaomsifu Aranda kwa sensa aliyoiamuru mwaka wa 1768 hulipita jambo hili haraka mno.

Mwaka wa 1773 alipelekwa Paris kuwa balozi. Huko alikutana na Benjamin Franklin, akaisihi serikali yake iwasaidie Wamarekani dhidi ya Uingereza. Hispania iliingia vitani mwaka wa 1779, na katika mapatano ya 1783 Aranda aliirejeshea nchi yake Menorca na Florida. Gibraltar ilimponyoka.

Mwaka wa 1792 Carlos IV alimfanya waziri mkuu, lakini kabla mwaka haujaisha akamwondoa na kumweka Manuel Godoy, kijana wa miaka 25, kipenzi cha jumba la kifalme. Mwaka uliofuata vita na Ufaransa vikaanza. Tarehe 14 Machi 1794, mbele ya mfalme, mzee huyu wa miaka 74 alishikilia kwamba vita hivyo vingeiangamiza Hispania, na kwamba heri kutafuta amani. Godoy alighadhibika. Siku hiyo hiyo Aranda akasafirishwa chini ya ulinzi hadi Jaén, pasipo kusomewa mashtaka wala kupewa nafasi ya kujitetea. Baadaye alizuiliwa katika ngome ya Alhambra, Granada.

Mwaka wa 1795 Hispania, ikiwa imeelemewa, iliomba amani na kuiachia Ufaransa sehemu yake ya kisiwa cha Santo Domingo. Godoy akatunukiwa cheo cha Mwanamfalme wa Amani. Aranda aliruhusiwa kurudi Aragon, akafariki huko Épila tarehe 9 Januari 1798.