Pearl Primus na elimu iliyo miguuni

Wako waungwana wanaoamini kwamba mcheza ngoma hana la kumfundisha mwanachuo. Humwalika siku ya mahafali, akacheza juani, akapewa soda na nauli, akarejea kwao. Nao wasomi wakaketi kivulini kusikiliza hotuba. Kila nionapo hali hiyo humkumbuka Pearl Primus, mwanamke aliyetumia takriban nusu karne kuonyesha kwamba ngoma ni elimu, na kwamba anayeijua anastahili kusimama mbele ya darasa.

Alizaliwa Trinidad mwaka 1919, akapelekwa New York angali mtoto mchanga. Ndoto yake haikuwa jukwaa. Alitaka kuwa daktari, na mwaka 1940 akahitimu katika Chuo cha Hunter kwa shahada ya elimu ya viumbe. Akabisha hodi katika maabara, asifunguliwe. Wakati huo, kwa waajiri wengi wa Marekani, ngozi nyeusi ilitosha kuibatilisha shahada yoyote. Akawa anafanya vibarua vya kila aina, mpaka mpango wa serikali wa kuwapatia vijana kazi ukamwingiza katika kikundi cha dansi, kujaza pengo tu. Mwaka 1941 alipata ufadhili wa kusomea dansi katika New Dance Group, na mwezi wa Februari 1943 akajitokeza mbele ya hadhira ya New York. Waliomwona walistaajabia miruko yake: alipaa juu kana kwamba sakafu imemsukuma.

Lakini haikuwa miruko tu. Katika dansi yake iitwayo Strange Fruit, iliyohusu Waafrika-Wamarekani walionyongwa mitini na makundi ya wazungu, hakuigiza aliyeuawa wala jamaa zake. Aliigiza mwanamke wa kizungu aliyekuwa katika kundi hilo, watu wameshatawanyika, naye akibaki peke yake na kile alichokishuhudia. Kwa maoni yangu, uamuzi huo una busara kuliko hotuba nyingi zilizotolewa kuhusu uovu ule. Na kwa kuwa hakupenda kusema asichokijua, kiangazi cha mwaka 1944 alisafiri hadi majimbo ya kusini, akaishi na wakulima maskini waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, akachuma pamba pamoja nao na kusali katika makanisa yao. Mafunzo ya maabara hayakupotea. Alichunguza kwanza, akacheza baadaye.

Chuo kikuu ndicho kilichoubadilisha mwendo wa maisha yake, tena akiwa mgeni. Mwaka 1948 alialikwa kucheza katika Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Edwin Embree, mkuu wa Wakfu wa Rosenwald. Bwana huyo alitaka kujua ni lini msanii huyu alikuwa Afrika mara ya mwisho, akashangaa kuelezwa kwamba hajapata kukanyaga bara hili. Ngoma zake za Kiafrika alizitunga kutokana na vitabu, picha na vitu vya makumbusho. Wakfu ukamlipia safari.

Mwishoni mwa mwaka huo akaja. Alipita Nigeria, ambako Wayoruba walimpa jina la Omowale, yaani mtoto aliyerudi nyumbani. Alifika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, akafika Liberia, Senegal na Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Karibu nasi zaidi, alijifunza ngoma za Watutsi wa Rwanda, zile za wanaume warefu wanaotembea kwa madaha ya kifalme. Inasimuliwa kwamba mahali pengine ilibidi atangazwe kuwa mwanamume ili aruhusiwe kufundishwa ngoma ambazo wanawake hawakuzicheza. Walimu wake hao hawakuwa na vyeti. Darasa lilikuwa uwanja, na mtihani ulikuwa kucheza mbele ya wenyewe.

Aliyoyapata aliyarudisha Marekani. Fanga, ngoma ya kukaribisha wageni kutoka Liberia, ilienea kwa juhudi zake. Akaolewa na Percival Borde, mcheza dansi kutoka Trinidad, wakafundisha na kutumbuiza pamoja. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha New York kikamtunuku shahada ya uzamifu. Hapa ndipo ninapokunja uso kidogo. Elimu aliyokuwa nayo mwaka 1978 ilikuwa ileile aliyofunzwa na wazee wa Afrika miaka karibu thelathini kabla. Lakini ilihitaji muhuri ndipo ihesabiwe elimu. Wazee wenyewe, je, nani aliwaita madaktari wa falsafa?

Katika miaka ya 1980 vyuo vitano jirani vya Massachusetts, vikiwamo Amherst, Smith na Mount Holyoke, vilimpa nafasi ya uprofesa kwa pamoja. Aliwafundisha vijana ambao wengi wao hawakujua lolote kuhusu Liberia wala Rwanda. Hakukubali hatua za ngoma zitenganishwe na watu walioziunda: wanacheza lini, kwa nini, nani haruhusiwi kucheza.

Sisemi kwamba hana lawama. Mtu mmoja akibeba ngoma za mataifa mengi, hadhira humaliza kwa kudhani Afrika ni kijiji kimoja, na leo Fanga huchezwa Marekani na watoto wasiojua ilitoka wapi. Hata hivyo, bila yeye wangechezeshwa nini?

Mwaka 1990 kundi la Alvin Ailey liliionyesha New York dansi yake Impinyuza, iliyotokana na ngoma zile za Rwanda. Mwaka 1991 Rais George Bush alimvika Nishani ya Taifa ya Sanaa. Pearl Primus aliaga dunia tarehe 29 Oktoba 1994, katika mji wa New Rochelle. Ilikuwa miezi michache tu baada ya mauaji ya halaiki ya Rwanda. Ufalme uliozilea ngoma zile ulikuwa umeondolewa tangu 1961, na sasa mamia ya maelfu ya watu wa nchi hiyo walikuwa wameuawa. Huku ng'ambo ya bahari, vijana wa vyuo walikuwa bado wanazijua baadhi ya hatua zao.