Elizabeth Fry: mama wa noti ya pauni tano aliyewakumbuka wazazi wa gerezani

Sisi tulioishi Uingereza katika miaka ya 2000 tulimshika mama huyu mikononi karibu kila siku bila kumjua. Alikuwa nyuma ya noti ya pauni tano, amevaa kofia nyeupe ya kitambaa, na pembeni yake palichorwa watu waliokusanyika wakimsikiliza akisoma. Noti ile ilitoka Mei 2002 ikaondolewa kwenye mzunguko Mei 2017. Tulilipia nauli ya basi, tukanunulia unga na mchele, nyingine tukazipeleka kwa wakala wa kutuma fedha nyumbani, na hatukuuliza huyu ni nani. Mimi mwenyewe, pamoja na kujiita mwandishi wa habari, nilikaa na noti hizo miaka kadhaa kabla ya kuuliza.

Mama yule ni Elizabeth Fry. Wale waliokuwa wakimsikiliza ni wanawake wafungwa wa gereza la Newgate, London.

Alizaliwa tarehe 21 Mei 1780 katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, kwenye familia tajiri ya Gurney iliyomiliki benki. Familia hiyo ilikuwa ya madhehebu ya Marafiki, maarufu kwa jina la Quaker, ambayo ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanayafahamu tangu wamisionari wake walipofika Kaimosi mwaka 1902. Mama yake alifariki mwaka 1792, Elizabeth akiwa na umri wa miaka 12, na msichana huyo akasaidia kuwalea wadogo zake. Kwa hiyo kazi ya kulea aliijua mapema, kabla hata hajaolewa.

Mwaka 1800 aliolewa na Joseph Fry, mfanyabiashara wa familia ya Quaker, akahamia London. Kati ya 1801 na 1822 alizaa watoto 11. Msomaji ashike jambo hilo, kwa sababu mengi aliyofanya mama huyu gerezani aliyafanya huku ana watoto wa kulea nyumbani.

Mwanzoni mwa 1813 mhubiri mmoja wa Quaker kutoka Marekani, Stephen Grellet, mzaliwa wa Ufaransa, alitembelea magereza ya London. Upande wa wanawake wa Newgate alikuta watoto wachanga karibu uchi, katika baridi ya Januari. Alitoka pale moja kwa moja hadi nyumbani kwa akina Fry, akamwambia Elizabeth alichokiona. Wakati huo Elizabeth alikuwa na mtoto wake wa nane, mwenye miezi michache tu. Aliwaita kina mama wenzake, wakakaa kushona nguo za watoto, na muda si mrefu akazipeleka mwenyewe pamoja na mwenzake Anna Buxton.

Askari wa gereza hawakutaka waingie. Waliwaonya kwamba wanawake wa mle ndani ni wakali, watawararua. Waliingia. Walikuta wanawake wapatao 300 pamoja na watoto wao wamesongamana katika vyumba vichache. Aliyehukumiwa na ambaye kesi yake haijasikilizwa walikuwa pamoja, mwizi wa kitambaa alilala pembeni ya anayesubiri kitanzi. Humo humo walipika, walifua na walilala, wengi wakilala sakafuni bila cha kujitandikia. Inasimuliwa kwamba Elizabeth aliwaona wanawake wawili wakimvua nguo mtoto aliyekwisha kufa ili wamvalishe aliye hai.

Ili tuelewe wale mama walifikaje pale, inafaa tuzijue sheria za wakati huo. Uingereza ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kifo, yakiwemo ya wizi wa vitu vya thamani ndogo. Mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa aliruhusiwa kusema kwamba ana mimba. Hapo mahakama iliteua baraza la wanawake watu wazima wamkague. Wakithibitisha kwamba mtoto ameanza kucheza tumboni, kunyongwa kuliahirishwa hadi ajifungue. Wengi hatimaye walisamehewa adhabu ya kifo, lakini sheria yenyewe haikuwapa uhakika huo. Ni mwaka 1931 tu ndipo Uingereza ilipotunga sheria ya kutowahukumu kifo kabisa wanawake wajawazito.

Baada ya ziara zile za 1813 Elizabeth hakurudi Newgate kwa karibu miaka minne. Alizaa watoto wengine wawili, mambo ya fedha nyumbani yakayumba, na baadhi ya watoto wakubwa wakapelekwa kulelewa kwa ndugu. Mwaka 1815 binti yake mdogo, aliyepewa jina lake mwenyewe, alifariki kabla hajatimiza miaka mitano. Aliporudi Newgate mwishoni mwa 1816 alikuwa mama aliyekwisha kuzika mtoto.

Safari hii hakuleta nguo tu. Alimbeba mtoto mmoja wa mle ndani, akawauliza wafungwa kama hawaoni kwamba kuna la kufanya kwa ajili ya watoto wao. Hakuanza kwa kuwahubiria juu ya makosa yao. Wale wanawake walioitwa wanyama wakatulia, kwa sababu hapo waliulizwa kama wazazi. Wao wenyewe wakamchagua mwalimu kati yao, mfungwa aliyeitwa Mary Connor, na shule ya watoto ikafunguliwa katika chumba kimoja kilichokuwa wazi. Aprili 1817 Elizabeth na wenzake wakaunda chama cha kuwasaidia wafungwa wanawake wa Newgate. Wafungwa walipewa kazi ya kushona na kufuma wakalipwa, na kanuni za kuishi mle ndani zilisomwa mbele yao, moja baada ya moja, wakazipigia kura kwa kuinua mikono.

Mwaka 1818 aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, jambo ambalo kwa mwanamke wa zama hizo halikuwa la kawaida hata kidogo. Mwaka huo huo alianza kushughulikia meli zilizowapeleka wanawake wafungwa Australia. Walikuwa wakipelekwa bandarini katika magari ya wazi, wamefungwa minyororo, watu wakiwazomea na kuwatupia uchafu njiani. Alihimiza wasafirishwe katika magari yaliyofunikwa, na katika meli ya Maria ya mwaka huo akaandaa nafasi ya kufundishia watoto waliosafiri na mama zao. Kwa zaidi ya miaka 20 yeye na wenzake walizitembelea meli hizo kabla hazijang'oa nanga. Na sheria ya magereza ya 1823 iliagiza kwamba wafungwa wanawake walindwe na askari wanawake.

Hata hivyo si kila mlango ulifunguka. Mwaka 1818 alimpigania Harriet Skelton, mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa kwa kutumia noti bandia. Alikwenda hadi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Lord Sidmouth. Waziri aliona kwamba mama huyu anawaondolea watu hofu ya sheria, wakagombana, na Harriet akanyongwa. Benki Kuu ya Uingereza, ambayo wakati huo iliwafikisha mahakamani watu kwa mamia kwa kosa la noti bandia, ndiyo iliyokuja kuchapisha sura ya Elizabeth Fry kwenye noti yake miaka 184 baadaye.

Lawama nyingine ilimchoma zaidi. Watu wa mjini walisema anakimbilia watoto wa wezi huku wa kwake wamesambazwa kwa ndugu. Lawama hiyo haikuwa uongo mtupu, naye ilimuuma. Kisha mwaka 1828 benki ya mumewe ilifilisika, Joseph akafukuzwa katika ushirika wa Quaker, na walionyamaza awali wakapata la kusema. Aliendelea na kazi kwa msaada wa ndugu zake. Mwaka 1842 Mfalme wa Prussia alimtembelea Newgate kisha akala nyumbani kwake. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1845 huko Ramsgate, akazikwa Barking, mashariki mwa London, eneo ambalo leo lina Waafrika wengi, nasi Waswahili tukiwamo.

Gereza la Newgate lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 na mahali pake pakajengwa mahakama ya Old Bailey. Je, kazi ya mama huyu imekwisha? Septemba 2019, katika gereza la wanawake la Bronzefield, nje kidogo ya London, msichana wa miaka 18 aliyekuwa mahabusu alijifungua peke yake usiku ndani ya chumba chake. Alibonyeza kengele kuomba msaada, hakuna aliyekuja. Mtoto akakutwa amekufa asubuhi. Nchi hiyo hiyo, miaka zaidi ya 200 baada ya zile nguo za Newgate.

Kwetu nyumbani nako tunayajua haya. Sheria ya Kenya inaruhusu mtoto kukaa gerezani na mama yake hadi umri wa miaka minne. Tanzania, kila unapotangazwa msamaha wa Rais siku ya Muungano au ya Uhuru, mara nyingi orodha huwataja wanawake walioingia gerezani wakiwa wajawazito au wakiwa na watoto wanaonyonya. Ni jambo jema, lakini msamaha huja baada ya mtoto kuwa tayari amekwisha kulala nyuma ya nondo. Desemba 2010 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok, zinazokataza mwanamke kufungwa pingu wakati wa kujifungua na kutaka mahakama zitafute adhabu nyingine isiyo kifungo kwa mjamzito na kwa mama mwenye mtoto mdogo, pale inapowezekana.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Elizabeth Fry aliwavisha watoto waliokuwa tayari ndani. Swali ambalo hakuweza kulimaliza ni la hakimu: kabla ya kumpeleka gerezani mama mwenye mimba, amehesabu kwamba anawapeleka watu wawili, na mmoja kati yao hajashtakiwa kwa lolote?

Noti yake haitumiki tena madukani. Ukiikuta imejikunja ndani ya koti la zamani, ipeleke Benki Kuu, watakubadilishia. Lakini kabla hujaipeleka, itazame tena upande wa nyuma.