Siti binti Saad na Sahani Zake

Wengi wetu tulimjua Siti binti Saad kitabuni kabla ya kumsikia. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, tukausoma, lakini sauti yenyewe hatukuwa nayo.

Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa bara waliotiwa utumwani, na mtoto akaitwa Mtumwa. Wazee wetu wa Tungue walikuwa chini ya Sultani huyo huyo wa Unguja, mpaka Wareno walipoitwaa ghuba yetu mwaka 1887.

Shule hakwenda. Alifinyanga vyungu, akavichukua mjini kwa miguu na kuvinadi kwa kuimba. Mwaka 1911 akahamia mjini kabisa, akafundishwa muziki na Ali Muhsin, kisha akaimba pamoja na akina Subeti bin Ambari, Maalim Shaabani, Budda na Mbaruku. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakayasikia mambo yao wenyewe.

Mambo gani? Sikilizeni habari ya Kijiti. Mtu huyu alimwua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kisha akavuka bahari akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Siti aliyatia hayo katika wimbo, wakati ambapo mwanamke maskini hakuwa na pa kulalamikia. Kwangu mimi huo ndio ushujaa wake, kupita hata uzuri wa sauti.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimpeleka Bombay pamoja na wenzake, wakaimba mbele ya mashine. Kila upande wa sahani ulichukua dakika tatu hivi tu, basi nyimbo zilizokesha barazani zikakatwa fupi. Hata hivyo sahani zikaenea pwani, na wasiokuwa na santuri wakaenda kusikiliza mikahawani.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Sahani zake zilifanywa kwa namna ya lakiri; ikianguka moja, imekwisha. Nyingine ziliharibiwa na sindano, nyingine zikatupwa santuri za kuzungushwa kwa mkono zilipoachwa. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuziimba nyimbo zake hata uzeeni, lakini hiyo ilikuwa sauti ya Bi Kidude.

Maktaba ya Taifa ya Uingereza, huko London, imehifadhi sahani kongwe za Kiswahili, na mwaka 2007 kampuni ya Topic Records ilitoa upya nyimbo za Tanzania na Kenya za tangu miaka ya 1920. Nilipozisikia nyimbo za wakati ule mara ya kwanza, mchakacho wa sindano ulinikera. Mara ya tatu sikuusikia tena.

Basi, ndugu mliomaliza shule, tazameni katika masanduku ya bibi zenu. Mkiona sahani nyeusi, nzito, msiipanguse kwa maji ya moto, wala msiwape watoto kuchezea. Ifungeni katika kitambaa, muisimamishe wima, kisha mtuandikie.